Historia ya Baiskeli ya Mlimani

Vyombo vingi ambavyo binadamu amesafiria vilianza katika fikira ya mhandisi au katika amri ya serikali, vikachorwa karatasini, vikajaribiwa kiwandani, na mwisho vikatolewa kwa watu wavitumie. Baiskeli ya mlimani haikuingia duniani kwa mlango huo. Ilizaliwa na watu waliokuwa na baiskeli kuukuu, wakazipeleka mahali ambapo hazikukusudiwa kwenda, zikavunjika, wakazitengeneza; zikavunjika tena pahali pengine, wakazitengeneza kwa namna iliyo bora zaidi; hata ikawa kile walichokuwa nacho mikononi si kile walichoanza nacho. Kila kiungo chake, tangu tairi hadi uma wa mbele, ni jawabu la hitilafu iliyowahi kumkuta mtu katika mteremko, na kwa sababu hiyo anayetaka kuimiliki na kuitunza vyema hana budi kuijua historia yake, maana humo ndimo ataona kila kitu kiliwekwa kwa nini na hudhurika kwa nini.

Magurudumu nje ya barabara, 1896 hadi 1955

Isidhaniwe kwamba kabla ya watu hao hapakuwa na aliyethubutu kuiacha barabara. Barabara nzuri zenyewe ni za juzi, na baiskeli ilipoenea Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya 19 ilikuta njia za tope, mawe na makorongo yaliyochimbwa na magari ya farasi. Mfano adhimu kuliko yote ni wa askari weusi wa kikosi cha 25 cha jeshi la miguu la Marekani, waliokaa katika ngome ya Fort Missoula, jimbo la Montana, chini ya luteni mmoja mweupe jina lake James Moss. Mwaka 1896 luteni huyo alianza kuwazoeza baadhi yao kuvuka milima kwa baiskeli, akitaka kuthibitisha kwamba chombo kisichokula majani wala kunywa maji kingeweza kushika nafasi ya farasi. Na mwezi wa Juni 1897 askari 20 wakaondoka naye kwenda St. Louis, mwendo wa takriban kilomita 3,000, wakavuka milima ya Rocky katika mvua na theluji, wakapita katika mchanga wa Nebraska ambako maji mabaya yaliwaumiza matumbo, wakafika baada ya siku 41. Baiskeli zao zilikuwa nzito na hazina gia, na pale ardhi iliposhindikana kwa tope waliziburura juu ya mataruma ya reli, mzigo na bunduki juu yake. Mwaka uliofuata vita na Hispania vikazuka, na mpango ule ukaachwa. Kwa muda mrefu walioandika habari za mchezo huu hawakuwatia askari wale katika hesabu ya watangulizi wake, nami naiona hiyo kuwa dhuluma, kwa sababu waliyoyavumilia kwa amri ndiyo ambayo wengine baadaye waliyatafuta kwa hiari na kuyaita starehe.

Baada yao walitokea wengine hapa na pale. Tangu 1951 hadi 1956 vijana wapatao 20 wa viunga vya Paris waliunda chama chao na kuzigeuza baiskeli zao ziweze kuruka mashimo na kupanda vilima. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, John Finley Scott, alitia tairi nene, usukani mnyofu na gia katika fremu ya Schwinn kwa ajili ya kupita misituni. Na mwaka 1955 Waingereza waliopenda njia za milimani walikutana katika mji wa Leominster wakaanzisha jumuiya ya Rough-Stuff Fellowship. Yote haya yalikuwa mambo mema, lakini hakuna lililozaa kiwanda wala duka, kwa kuwa kila kundi liliridhika na furaha yake na halikuwa na haja ya kumshawishi mtu mwingine. Ilihitajika jamii ambayo ingeshindana yenyewe kwa yenyewe, maana ushindani ndio uvunjao vyombo kwa haraka, na kuvunjika ndiko kulikoipa baiskeli hii umbo lake.

Vyuma chakavu vya Marin, 1933 hadi 1976

Katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi kampuni ya Schwinn ya Chicago iliona kwamba wazazi wa Kimarekani, ikiwa watatoa fedha yao hata kidogo, wataitoa kwa baiskeli ya mtoto isiyovunjika. Hivyo mwaka 1933 ikaleta sokoni tairi nene za puto, zenye upana wa inchi 2.125, kwa kufuata tairi zilizoonekana Ujerumani, na ikazitia katika fremu nzito za chuma ambazo mtoto angeweza kuziangusha kila siku bila kuzidhuru. Miaka ilipopita ladha ya watu ikabadilika, baiskeli nyembamba za Kiingereza zikapendwa, na zile nzito zikatupwa katika mabanda na majaa ya vyuma, hata mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtu aliweza kuipata moja kwa dola chache.

Kaskazini ya daraja la Golden Gate, ng'ambo ya San Francisco, iko wilaya ya Marin, na katikati yake mlima Tamalpais, wenye kimo cha mita 784 hivi, ukizungukwa na njia za udongo zilizochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Hapo palikuwa na vijana waliokuwa wakishindana kwa baiskeli za barabarani katika chama cha Velo Club Tamalpais, miongoni mwao Gary Fisher, Joe Breeze na Charlie Kelly, huyo wa mwisho akifanya kazi ya kubeba na kupanga vyombo vya bendi moja ya muziki. Walizinunua Schwinn kuukuu, hasa zile zilizoitwa Excelsior, wakang'oa vizuia tope, tangi la bandia na kila pambo, wakabaki na fremu, magurudumu na usukani, wakazipandisha mlimani kwa kuzisukuma au kwa gari la mizigo, kisha wakateremka. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba hawakuwa wageni wa baiskeli. Mguu wao ulikuwa wa mwanamashindano, jicho lao lilijua kifaa chema na kifaa duni, na kwa hivyo chombo kibovu kilipowaangusha hawakukilaani wakakiacha, bali waliuliza ni nini kilichopungua.

Kilichopungua kwanza kilikuwa gia. Mnamo Desemba 1974 vijana watatu wa mji wa Cupertino, mmoja wao Russ Mahon, walikuja Marin kushiriki mashindano ya baiskeli za nyikani wakiwa na tairi nene na, jambo ambalo wenyeji hawakuwa wameliona, gia kadhaa zinazobadilishwa kwa kidole gumba kwenye usukani. Baada ya siku hiyo vijana wa Cupertino hawakusikika tena, ila mbegu waliyoiacha haikufa, kwani mwaka uliofuata Fisher alitia gia katika Schwinn yake pamoja na breki za ngoma zilizotoka katika baiskeli za watu wawili na mikono ya breki ya pikipiki, na tangu hapo mtu aliweza kuupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe akiwa juu ya tandiko.

Mteremko wa Repack, 1976 hadi 1979

Karibu na mji mdogo wa Fairfax ipo njia ya udongo ishukayo takriban mita 400 katika mwendo wa kilomita 3.4, yenye kona kali, mifereji ya mvua na changarawe zinazoteleza. Mabishano ya nani mwepesi kuliko nani yalipozidi, Kelly alitangaza kwamba yatakatwa kwa saa, na tarehe 21 Oktoba 1976 mbio za kwanza zikafanyika, kila mtu akiachiliwa peke yake baada ya mwenzake. Alan Bonds akashinda, kwa sababu katika siku hiyo yeye ndiye aliyefika chini bila kuanguka.

Njia ile iliitwa Repack, na jina hilo lilitokana na kazi ya fundi. Schwinn nyingi bado zilikuwa na breki moja tu, ile ya kurudisha pedeli nyuma, ambayo utendaji wake wote umo ndani ya kitovu cha gurudumu: mpanda baiskeli akikanyaga kinyume, koni husukumwa ubavuni, viatu vya breki hutanuka na kuusugua ukuta wa kitovu kwa ndani. Katika barabara ya mjini msuguano huo ni wa dakika moja na kitovu hubaki cha baridi. Lakini katika kilomita tatu za mteremko usiokoma grisi iliyomo iliyeyuka, ikachemka, ikatoka kwa moshi unaoonekana nyuma ya gurudumu, na mtu alipofika chini hakuweza kukigusa kitovu kwa mkono. Jioni hiyo alikuwa na kazi. Alifungua nati za ekseli, akautoa mnyororo, akavua koni na vizimba vya golori, akafuta masizi meusi yaliyosalia, akaosha kila kitu, akatazama kama golori zimepata madoa ya bluu ya kuungua, kisha akajaza grisi mpya kwa kidole mpaka ikafurika, akafunga, akaizungusha ekseli kuhakikisha haisuguani wala haichezi. Aliyefanya hivyo kwa uvivu alijulikana katika mbio zilizofuata.

Mbio hizo ziliendelea mpaka 1979, na muda uliowekwa na Fisher, wa dakika 4 na sekunde 22, haukupata kuvunjwa, huku Breeze akimfuatia kwa sekunde 2 tu. Wende Cragg, mwanamke aliyeendesha pamoja nao tangu siku za awali, alikuwa na kamera, na picha zake ndizo zilizotuhifadhia nyuso, mavumbi na fremu zile. Sijui mchezo mwingine ambao asili yake imeonekana kwa uwazi namna hiyo.

Wakati huohuo, mbali katika milima ya Colorado, wakazi wa Crested Butte walikuwa na Schwinn zao kuukuu, na mnamo Septemba 1976 kundi lao lilivuka kipito cha Pearl Pass, kilicho zaidi ya mita 3,800 juu ya bahari, mpaka mji wa Aspen, kwa kuwa wenye pikipiki wa Aspen walikuwa wamekivuka na kujigamba. Mwaka 1978 watu wa Marin walikwenda kusafiri nao, na wenyeji wakaona kwamba wageni wao wamebeba vyombo ambavyo tayari vilikuwa vya aina nyingine.

Kutoka fremu ya kuokota hadi fremu ya kuundwa, 1977 hadi 1981

Fremu za watoto za miaka ya 1930, hata zikiwa ngumu namna gani, zilipopewa gia, breki mbili na mtu mzima mwenye kasi, zilianza kupasuka. Kelly, aliyekwisha kuvunja zaidi ya moja, alimwendea Joe Breeze, ambaye alikuwa amejifunza ufundi wa kuunda fremu kwa bingwa Albert Eisentraut, akamwomba amwundie fremu mpya kabisa kwa ajili ya mlima. Breeze akaifanya kazi hiyo mwaka 1977. Alitumia mabomba mepesi ya chuma kilichochanganywa na kromu na molibdeni, akaongeza mabomba mawili membamba ya kuimarisha kutoka kichwani hadi nyuma, akatia gia na breki za kubana rimu, na mwaka uliofuata zikatimia baiskeli 10. Ya kwanza aliipanda mwenyewe katika Repack akashinda. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya Marekani mjini Washington, ikiwa baiskeli ya kwanza iliyotengenezwa mwanzo hadi mwisho kwa kusudi hili.

Aliyeigeuza kazi ya mikono ya mtu mmoja kuwa biashara alikuwa Tom Ritchey, kijana aliyeunda fremu tangu utotoni, na siri ya wepesi wake ilikuwa katika namna ya kuunganisha. Mafundi wa siku hizo waliyatia mabomba katika vikombe vya chuma vilivyokwishatengenezwa, na vikombe hivyo vilikuwa na vipimo vya baiskeli za barabarani tu. Ritchey aliyagandamanisha mabomba moja kwa moja kwa shaba ya kuyeyushwa, akailaza shaba hiyo katika pembe kwa mviringo laini, na hivyo akawa huru kuchagua unene wa bomba na pembe aitakayo. Mwaka 1979 Fisher na Kelly, kwa fedha kidogo zilizokuwa mifukoni mwao, walianza kuziuza fremu hizo, wakaiita kampuni yao MountainBikes. Walikusudia jina hilo liwe lao peke yao, lakini sheria haikuwalinda, na jina likawa la kila mtu. Vifaa vilikusanywa kutoka pembe za dunia, mikono ya kanyagio kutoka Ufaransa, breki za baiskeli za watu wawili, mikono ya breki ya pikipiki, gia za Japani, kwa kuwa hakuna kiwanda kilichokuwa kimeamini kwamba chombo hiki kitadumu.

Kiwanda kinaingia, 1981 hadi 1990

Mike Sinyard, mwenye kampuni ya Specialized huko California, alizitazama baiskeli za Ritchey akaona kwamba zikitengenezwa Japani kwa wingi bei yake itashuka, na mwaka 1981 akatoa Stumpjumper, kwa bei ya dola 750. Kwa waanzilishi hilo halikuwa jambo la kufurahisha sana, lakini kwa historia ndilo lililoutoa mchezo katika wilaya moja na kuueneza nchi nzima. Mwaka 1982 kampuni ya Shimano ya Sakai ilileta vifaa vya Deore XT vilivyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya matope na vumbi, na kuanzia hapo mwenye baiskeli hakulazimika tena kuombaomba vifaa vya pikipiki. Jarida la kwanza la mchezo huu, Fat Tire Flyer, lilikuwa limeanzishwa 1980 na Charlie Kelly na Denise Caramagno. Chama cha mashindano cha taifa, NORBA, kikaundwa 1983. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 maduka ya Marekani yalikuwa yakiuza baiskeli za mlimani zaidi ya za barabarani. Kampuni ya Schwinn, ambayo vyuma vyake ndivyo vilivyoanzisha yote, ilichelewa kulisadiki jambo hili, na mwaka 1992 ikafilisika, ingawa ilikuwa na matatizo mengine pia.

Mwaka 1990 mashindano rasmi ya kwanza ya dunia yakafanyika Durango, Colorado, ambako Ned Overend na Juli Furtado walishinda katika mbio ndefu za kupanda na kushuka. Miaka sita baadaye mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta, na medali za dhahabu zikachukuliwa na Bart Brentjens wa Uholanzi na Paola Pezzo wa Italia. Tangu Repack ya kwanza hadi Olimpiki ilipita miaka 20 tu.

Njia zafungwa

Kadiri watu walivyozidi, ndivyo na njia zilivyozidi kuwa chanzo cha ugomvi. Watembea kwa miguu na wapanda farasi wa Marin, waliokuwa wamezoea ukimya, walishtuka kuona kundi la magurudumu likitokea konani, na malalamiko yao hayakuwa ya uongo: tairi inayofungwa breki ghafla katika udongo laini huchimba mfereji, na mvua ya kwanza huugeuza mfereji kuwa korongo. Watawala wakaweka kikomo cha mwendo wa maili 15 kwa saa katika njia za zimamoto, wakazifunga nyingi za njia nyembamba. Na mwaka 1984 idara ya misitu ya taifa ikaondoa shaka kwa kuamuru kwamba baiskeli hazitaingia katika nyika zilizohifadhiwa kwa sheria ya 1964. Hivyo mahali penyewe palipozaliwa mchezo pakawa miongoni mwa mahali pagumu kuucheza.

Natija yake, hata hivyo, ilikuwa njema kuliko ilivyotazamiwa. Vyama vitano vya California viliungana mwaka 1988 vikaunda chama kimoja kilichoitwa IMBA, na badala ya kubisha tu hodi mahakamani, wanachama wake walishika majembe. Walijifunza kwamba njia ya baiskeli isiteremke moja kwa moja bali ikate ubavu wa mlima, kwamba iinamishwe kidogo upande wa bonde ili maji yavuke badala ya kutiririka ndani yake, na kwamba kona ijengwe kwa namna ambayo mtu hahitaji kufunga breki ghafla. Maarifa hayo yamesambaa duniani, na mimi nayahesabu kuwa makubwa kuliko uvumbuzi wowote wa kiwandani, kwa kuwa baiskeli nzuri bila njia ni mapambo ya ukutani.

Springi, diski na upepo wa tairi, 1989 na kuendelea

Mikono ya wapanda baiskeli ilikuwa ikichoka na macho yao yakitikisika kabla ya miguu kuchoka. Paul Turner, aliyekuwa fundi wa pikipiki za mashindano, alianzisha RockShox na kutoa mwaka 1989 uma wa mbele wenye hewa na mafuta ndani yake, na mwaka uliofuata Greg Herbold aliutumia kushinda ubingwa wa dunia wa kuteremka. Baada ya hapo shokapu zikahamia na nyuma. Breki za kubana rimu, ambazo matope huzitelezesha na mchanga huzifanya zile rimu, zilianza kuziachia nafasi diski zilizoko katikati ya gurudumu, mbali na tope. Na mwaka 1999 Mavic na viwanda vya tairi vya Kifaransa vikaleta utaratibu wa tairi isiyo na tyubu, ambao humwezesha mtu kupunguza upepo ili tairi ishike ardhi bila kuhofia tyubu kubanwa kati ya jiwe na rimu.

Kipimo cha gurudumu nacho kina kisa chake. Kwa zaidi ya miaka 20 karibu baiskeli zote za mlimani zilikuwa na magurudumu ya inchi 26, na si kwa sababu mtu alikaa akapima akaona ndiyo yafaayo zaidi, bali kwa kuwa Schwinn za majaani zilikuwa na kipimo hicho na hapakuwa na tairi nene nyingine. Fisher mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioivunja jadi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiuza magurudumu ya inchi 29, ambayo rimu yake ina kipenyo kilekile cha baiskeli za mbio za barabarani, na ambayo huvuka mawe kwa wepesi zaidi.

Kilimanjaro, Kivu na Rwanda, 1984 hadi 2012

Mlima wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kuhusishwa na chombo hiki ulikuwa mrefu kuliko yote. Mwishoni mwa 1984 Waingereza wawili, Nicholas Crane na binamu yake Richard, waliziendesha, na mara nyingi kuzibeba, baiskeli zao mpaka kilele cha Kilimanjaro, wakichangisha fedha kwa ajili ya shirika la Intermediate Technology, wakaandika kitabu juu ya safari hiyo. Lilikuwa jambo la ujasiri, lakini lilikuwa la wageni, na wageni walipoondoka baiskeli ziliondoka nao.

Kwa upande wa magharibi mambo yalikuwa tofauti, kwa sababu huko watu walikuwa wamekwisha kuvumbua chao. Katika vilima vya Kivu, chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili lisilo na pedeli, huteremka Goma likiwa na magunia ya mkaa na viazi, mwenyewe akisimama juu yake na kuifunga breki kwa kukanyaga kipande cha mpira kinachosugua gurudumu la nyuma. Rwanda walikuwa na zao za mbao, na Tom Ritchey, yuleyule wa shaba ya kuyeyushwa, alipoizuru nchi hiyo mwaka 2005 alisimama mbele yake kwa heshima ya fundi kwa fundi. Mwaka 2006 yalifanyika mashindano yaliyoshirikisha baiskeli hizo za mbao, na Ritchey akabuni baiskeli ya chuma yenye mwili mrefu wa nyuma, ya kuwabebea wakulima magunia ya kahawa, kwa kuwa tunda la kahawa likichelewa kufika kiwandani baada ya kuchumwa huharibika na bei yake hushuka.

Kutoka katika juhudi hizo ilichipuka timu ya taifa, chini ya Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Mmoja wa vijana wake, Adrien Niyonshuti, aliyenusurika mauaji ya 1994 akiwa mtoto wa miaka 7 na kupoteza ndugu zake sita, alipeleka baiskeli ya mlimani ya Rwanda katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Alibeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, na katika mbio za Hadleigh Farm akamaliza wa 39, jambo ambalo baadhi ya waliotoka nchi zenye njia, maduka na makocha hawakuliweza.

Mikononi mwa mwenyewe

Leo mtu anaweza kuendesha baiskeli kati ya pundamilia katika hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, au katika vilima vya Usambara kutoka Lushoto kwenda Mtae, na baiskeli atakayoipanda aghalabu ilifika kwa meli ikiwa mtumba, na sehemu kubwa ya maisha yake ilikwisha kutumika Ulaya au Japani. Hapo ndipo mafundi wetu wanapokutana na historia hii yote kwa mara moja. Gia 21 zikifika zimechakaa, fundi huziondoa, hubakisha sproketi moja, hufupisha cheni, na kumrudishia mwenyewe chombo kisichomsumbua. Nami siwezi kumlaumu, maana gia isiyo na vipuri ni mzigo tu. Lakini mwenye kutaka kuzihifadhi gia zake ana njia. Cheni ndiyo inayokufa kwanza na kuua vingine: katika cheni mpya pingili 24 hupima inchi 12 kamili, na zikirefuka kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni ibadilishwe mara moja, kwa kuwa ikifika sehemu moja ya 8 imekwisha kuyala meno ya sproketi, na gharama iliyokuwa ya cheni moja huwa ya mtambo mzima. Baada ya safari ya vumbi ifutwe kwa kitambaa mpaka kitambaa kisitie weusi, kisha tone moja la mafuta liwekwe katika kila pingili, na yaliyozidi yafutwe, kwani mafuta ya nje hukamata mchanga na mchanga ukichanganyika na mafuta husaga chuma.

Kwa breki na magurudumu hali hutegemea aina. Waya wa breki hupatikana kwa kila fundi wa kijiji, na tairi ya inchi 26 hupatikana katika kila mji wa wilaya. Ilhali diski za mafuta huhitaji mpira na mafuta ya aina maalumu, tairi nzuri ya inchi 29 huagizwa, na gia mpya za umeme huhitaji chaji na programu. Kwa hivyo mwenye kununua baiskeli ya mlimani Iringa, Kigoma au Goma, akiwa anataka kuipanda miaka 10 na si msimu mmoja, hufanya vyema kutafuta ya fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26 na breki za waya, akaweka akiba cheni mbili, waya nne za breki, tyubu, na kopo la grisi.